Mti Hukunjwa Ungali Mbichi

Ngamia anapohamishwa na nyumba mgongoni, fito zilizopinda huchomoza juu yake kama mataruma ya jahazi lisilomalizika. Hiyo ndiyo aqal ya Wasomali. Isiolo, mji wa kaskazini mwa Kenya ambako askari wa Kisomali waliotumikia Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia walipewa makazi, ufundi wa kuijenga ni wa wanawake: mke ndiye mjenzi, mbomoaji na mwenye nyumba.

Siri iko katika unyevu. Mizizi na matawi ya mgunga hukatwa yakiwa mabichi, hukunjwa taratibu na kufungwa mpaka yakauke. Yakishakauka hayanyooki tena. Samaki mkunje angali mbichi, twasema. Kwa mjenzi huyu methali ile ni kanuni ya kazi. Miguu ya fito huchimbiwa, maana upinde wowote ukilemewa hutaka kutanuka. Huko juu fito hukutanishwa na kukazwa kwa kamba. Msumari ungeshikilia mahali pamoja na kupasua ufito upepo ukivuma. Kamba huuacha uyumbe, kisha urudi.

Juu ya kiunzi hutandazwa mikeka, tabaka juu ya tabaka, mingine ya nyuzi za magome ya mgunga zilizolainishwa kwa kutafunwa. Joto likizidi, ukingo wa chini huinuliwa hewa ipite. Siku ya kuhama, mikeka hiyohiyo humkinga ngamia mgongo, na fito huwa tandiko la mizigo. Hapo ndipo ninapomvulia kofia mwanamke huyu: hakuna kipande kinachobebwa bure.

Seremala wa Kent, Uingereza, katika karne ya 15 angemwelewa. Naye aliuchonga mwaloni ukiwa mbichi, ungali laini. Alichonga ulimi wa boriti uingie tunduni, akatoboa matundu ya kigingi yakikosana kidogo, ili kigingi kikipigwa kivute maungio yabanane. Kiunzi kilichongwa kwanza kikiwa kimelazwa, maungio yakachorwa namba za Kirumi, ndipo kikasimamishwa na kuta kukandikwa udongo juu ya fito. Kwa kuwa kilijengwa kwa kuunganishwa, kingeweza pia kufunguliwa. Bayleaf, nyumba ya shamba ya huko Kent, ilifunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1960 kupisha bwawa la Bough Beech, ikasimamishwa upya kwenye makumbusho ya Singleton, Sussex. Ilikuwa na zaidi ya miaka 500, na ndiyo kwanza inahama. Aqal ilihama kila malisho yalipokwisha.

Kisha Isiolo vikaja Vita vya Shifta, vya waliotaka kujitenga na Kenya, 1963 hadi 1967. Wafugaji wa Isiolo walikusanywa kwa nguvu vijijini, Garba Tulla na Merti miongoni mwavyo, na mifugo yao mingi ikaangamia. Ngamia alipokwisha, fito zilikosa wa kuzibeba. Leo viunzi vingi hufunikwa turubai, na anayejaliwa fedha huezeka mabati. Bati halihitaji mti mbichi wala mikono inayojua kuukunja. Lakini adhuhuri ya Isiolo ikiwaka, aliye chini yake hana ukingo wa kuinua.