"Ndani" ni Wapi? Uhakiki wa Istilahi "Daktari wa Magonjwa ya Ndani"

Istilahi njema humfikisha msikiaji kwenye maana bila kumpotosha, hata kama si mtaalamu. Kwa kipimo hicho tunakusudia kuihakiki istilahi ambayo wafasiri, walimu na watumishi wa serikali hukutana nayo mara kwa mara katika nyaraka za afya, nayo ni "daktari bingwa wa magonjwa ya ndani". Istilahi hii imekwisha kuenea, lakini kuenea kwa neno hakulikingi na uhakiki.

Siku moja, katika hospitali ambayo hatutaitaja, mzee mmoja aliniomba nimsomee barua yake ya rufaa. Alikuwa na kidonda cha mguu kisichopona, naye ameelekezwa kliniki ya magonjwa ya ndani. Nilipokwisha kusoma akaniuliza, "Mwanangu, mimi naumwa mguu. Huko ndani wataniangalia nini?" Alikuwa amekwisha kukunja barua ili arudi nyumbani. Barua ilitaja kisukari, maradhi ambayo huweza kumpotezea mgonjwa mguu asipotibiwa mapema. Ilinibidi kumweleza kwa maneno mengi kile ambacho jina la kliniki lilipasa kumweleza.

Swali la mzee huyo lilikuwa swali la lugha. Neno "ndani" kwa Mswahili hutaja mahali, ilhali mpaka wa taaluma hii hauwekwi na mahali. Kidole tumbo kikivimba, ugonjwa uko ndani kabisa, lakini mgonjwa hupelekwa kwa mpasuaji. Kichomi cha mtoto kimo kifuani, lakini ni kazi ya daktari wa watoto. Kisukari na shinikizo la damu huharibu macho na miguu, viungo vinavyoonekana na kila mtu, lakini ndiyo kazi ya kila siku ya daktari wa magonjwa ya ndani. Baadhi ya mabingwa wenziwe wametajwa kwa wagonjwa wao au kwa kazi yao, kama vile watoto, wanawake na uzazi, au upasuaji. Yeye ametajwa kwa mahali, na mahali penyewe si pake peke yake.

Jina hili limetoka wapi? Lilipata nguvu Ujerumani katika karne ya 19, na mwaka 1882 mkutano mkuu wa kwanza wa taaluma hiyo ulifanyika Wiesbaden. Waliolitumia walitaka kutaja tiba inayotegemea elimu ya utendaji wa mwili, kemia na maabara, isiyoridhika na dalili za nje. Kwa hiyo "ndani" ya Wajerumani hao inakaribiana zaidi na kile tunachokiita "undani". Twasema mtu amelichunguza jambo kwa undani, tukimaanisha kwamba ameifuata sababu mpaka kwenye shina. Hiyo ndiyo kazi ya daktari huyu. Huunganisha homa, uvimbe wa miguu na uchovu, akatafuta kama chanzo ni moyo, figo, ini au maambukizo, kisha akatibu mtu mzima kwa dawa na uangalizi, si kwa kisu.

Udhaifu wa istilahi huonekana pia wafasiri wanapoikwepa. Yako makosa matatu tunayoyasahihisha mara nyingi. La kwanza ni kumwita "tabibu". Katika muundo wa utumishi wa Tanzania, tabibu ni mhitimu wa stashahada, kada yenye heshima yake, lakini si bingwa. La pili ni kumwita "daktari tarajali", kwa kuwa majina ya wawili hao katika Kiingereza yanakaribiana kwa sauti. Tarajali ndiyo kwanza amemaliza chuo. La tatu ni kumwita "daktari wa kawaida", ati kwa sababu hutibu maradhi mengi. Nchini Tanzania, daktari huyu husoma shahada ya kwanza kwa miaka 5, hufanya mafunzo ya vitendo kwa mwaka 1, ndipo asomee ubingwa kwa miaka 3. Akitaka kubobea katika moyo au figo, huongeza masomo tena. Anayeandika "wa kawaida" katika tangazo la kazi anafuta miaka hiyo kwa kalamu moja, na huenda akaajiriwa asiyestahili.

Je, tuiondoe istilahi hii? Wako wanaopendekeza "daktari wa watu wazima". Pendekezo hilo linaeleweka upesi, lakini mpasuaji naye hutibu watu wazima. "Daktari wa tiba" nalo ni pana mno, maana hakuna daktari asiyetibu. Kwa maoni yetu, kung'oa neno lililokwisha kuota mizizi katika wodi, vyuo na nyaraka kutaleta mkanganyiko kuliko faida.

Basi tunapendekeza mambo matatu. Mosi, istilahi ibaki, lakini isikatwe kuwa "daktari wa ndani". Pili, kamusi imfasili kwa kazi yake, si kwa mahali: "daktari bingwa anayechunguza na kutibu magonjwa ya watu wazima bila upasuaji". Tatu, vibao na barua zinazosomwa na wananchi ziongeze maelezo mafupi, mathalani "Kliniki ya Magonjwa ya Ndani: kisukari, shinikizo la damu, moyo, figo na mengineyo ya watu wazima".

Mstari mmoja kama huo kwenye kibao ungalitosha kumjibu yule mzee kabla hajakunja barua yake. Wasomaji wenye maoni tofauti wanakaribishwa kutuletea hoja zao.