Kutoka Uhuru hadi Uhura: Uhakiki wa Jina la Mwanasesere
Sehemu hii inahakiki jina la Uhura, mhusika wa tamthilia ya runinga ya Star Trek iliyoanza mwaka 1966, ambaye mwanasesere wake alitengenezwa na kampuni ya Mego ya Marekani mwaka 1974. Jina hilo limetokana na neno uhuru, lile lile linaloutambulisha Mtaa wa Uhuru, Kariakoo. Irabu ya mwisho ilibadilishwa ili jina lisikike kama la kike. Hata hivyo, ngeli za Kiswahili hazibainishi jinsia. Mabadiliko hayo yanafuata mazoea ya lugha za Ulaya. Tunahitimisha kwamba mwanasesere huyo alimpa mwanamke wa Afrika nafasi angani, lakini kwa jina ambalo msemaji wa Kiswahili hulielewa kwa kulisahihisha tu.