Nani Kakwambia Nimetunzwa?

Asubuhi moja pale Ipogolo niliambiwa mambo mawili ndani ya dakika kumi. Mama muuza nyanya alinisalimia "Kamwene," akanitazama juu hadi chini, akafurahi: "Umenawiri, mwanangu. Mume anakutunza." Sina mume. Nikapanda daladala ya kwenda mjini, konda akapaza sauti: "Dada, wewe lipia siti mbili." Abiria wakacheka. Nikalipa.

Mkobani nilikuwa na Hunger, kitabu cha Roxane Gay, Mmarekani mwenye asili ya Haiti, kilichotoka 2017. Gay anasimulia kwamba akiwa na miaka 12 alibakwa na kundi la wavulana, akaanza kula ili mwili uwe ngome yake. Watetezi wa haki za wanene Marekani, wenye chama tangu 1969, wanahimiza mtu aukubali mwili wake ulivyo. Gay yuko nao wanapodai heshima, ila anakiri kwamba bado anatamani kupungua. Ukweli huo ndio nguvu ya kitabu. Sura zake 88 zinarudiarudia mambo, na kuna mahali nilichoka. Lakini anapoeleza viti vyenye mikono vinavyombana mapaja, sikuhitaji mkalimani.

Msomaji wa Iringa atakachokikosa humo ni upande wa sifa. Utafiti wa 2016–2017 ulikuta asilimia 11.3 ya watu wazima mkoani kwetu wanaishi na VVU. Kwa miaka mingi aliyekonda alinong'onezwa, na unene ukawa cheti cha afya na cha mfuko wa mume. Jirani zetu Uganda, Februari 2019, waziri Godfrey Kiwanda alizindua shindano la Miss Curvy, akitaka wanawake wenye maumbo manene wawe kivutio cha utalii. Wanawake wengi walikasirika, na nawaelewa. Sifa zipo, ila ni sifa za twiga.

Ndiyo maana naona mama wa nyanya na konda walinifanyia jambo moja: kila mmoja aliusoma mwili wangu bila kuniuliza. Gay amenionyesha kwamba kuukubali mwili si lazima kuusifu. Ni kumwachia mwenyewe ausimulie, hata kama simulizi haina mwisho mzuri.

Wiki iliyofuata nilirudi kwa yule mama. "Mume hajambo?"

"Sina mume, mama. Nyanya nanunua kwa hela yangu."

Akanitazama tena, safari hii usoni. Akaniongezea nyanya mbili.