Mlenda Mkavu Huokolewa Juani, Si Chunguni

Mvua ya Dodoma ni wastani wa milimita 570 hivi kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Wakati huo mlenda, mboga ya majani yenye utelezi, huota wenyewe mashambani na kando ya njia, mwingi kuliko unavyoweza kuliwa. Kiangazi kikishika, umekwisha. Wagogo, wenyeji wa huko, waliziba pengo hilo kwa kuanika. Sifa za mboga hii hupewa mpishi, lakini ukifuatilia kazi yenyewe hatua kwa hatua, utaona usalama wake umeshaamuliwa kabla chungu hakijainjikwa.

Hatari yenyewe ni kuvu, na kuvu haiishi bila maji. Jani la mlenda ni jembamba. Likitandazwa tabaka moja, upepo mkavu wa uwanda wa kati hulinyang'anya maji kabla kuvu haijapata nafasi. Majani yakirundikwa, ya chini hubaki na joto na unyevu, yakawa meusi. Kipimo ni vidole: jani likifikichwa lisagike, lisijikunje. Kisha kinu, kisha chombo kikavu chenye mfuniko. Hapo kwenye chombo ndipo wengi huteleza, maana unga mkavu hufyonza unyevu wa hewa mara mvua zinaporudi.

Anayedhani natia chumvi akumbuke mwaka 2016. Katika mikoa ya Dodoma na Manyara watu 68 waliripotiwa kuugua kwa sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na kuvu; 20 kati yao wakafa, na mahindi ndiyo yaliyohusishwa. Mahindi si mlenda, sawa; punje ni nene na hukauka polepole. Ila kanuni haibadiliki: moto huua kuvu, lakini sumu iliyokwisha kutengenezwa hustahimili chungu na kuingia kwenye ugali. Kwa hiyo mlenda unaonuka uvundo hauponi kwa kuchemshwa zaidi. Utupwe.

Jua nalo lina gharama zake. Mwanga mkali huharibu karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Vikaushio vya jua vilivyofunikwa huihifadhi vizuri kuliko mkeka ulio wazi, tena huzuia vumbi, kuku na mbuzi. Asiye na kikaushio aweke chanja mahali penye kivuli na upepo. Na majani yaoshwe yangali mabichi: mchanga ukishatwangwa pamoja nayo hautoki tena, mwenye meno atakuambia.

Kuhusu magadi nina msimamo mkali kidogo. Ni kweli hulainisha mboga, huongeza utelezi na kuilinda rangi ya kijani. Lakini huvunja vitamini C na B1, humwongezea sodiamu mwenye presha, na baadhi ya magadi ya Tanzania yana floraidi nyingi, ile iliyohusishwa na meno ya kahawia kwa watoto wa kaskazini. Mlenda huteleza kwa asili yake. Ncha ya kijiko inatosha, na mara nyingi hata hiyo haihitajiki.

Karanga zinazotiwa kwenye mlenda ni habari nyingine. Mafuta yake husaidia mwili kufyonza karotini iliyosalimika juani, kwa hiyo zitiwe za kutosha. Ila nazo hushikwa na kuvu ileile ya mahindi: zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zenye uchungu zichambuliwe moja moja kabla hazijaingia kinuni, kwa sababu zikishasagwa hakuna awezaye kuzitambua.