LinkedIn inatuuliza nini siku ya kwanza?

Mu ukurasa wetu huu tumezoea kuchambua vitabu, filme, saa ingine hotuba ya mkubwa fulani. Leo naomba nichambue formulere. Ndiyo, formulere: zile kurasa chache ambazo LinkedIn inakupitisha siku unafungua kompte. Mimi nimezijaza mara mbili, juu kompte ya kwanza niliifuta kwa haya (nitaeleza), na kisha hapo nimesaidia wadogo zetu saba kuzijaza mu telefoni zao. Hayo maandishi nimeyasoma kuliko silabusi nyingi za fakilte yetu.

Kwa wale ambao hawajaingia: LinkedIn ilifunguliwa Marekani mu 2003, na mu 2016 Microsoft ilikubali kuinunua kwa dolari zaidi ya milyari 26. Si mahali pa kutia foto za ndoa. Ni soko la kazi: wewe unaanika CV yako, wenye kutafuta wafanyakazi wanapita wanaangalia. Kwetu Butembo, ukiwa na diplome na unatafuta nafasi mu ONG, kila mtu atakuambia paka neno moja: fungua LinkedIn. Hakuna anayekuambia kitatokea nini dakika ya tatu.

Dakika ya tatu ni hii. Umekwisha kutia majina, mail na mahali unaishi. Halafu inakuuliza: kazi yako ya sasa ao ya mwisho inaitwaje, na ni mu kampuni gani? Pembeni, kwa herufi ndogo, kuko njia ya pili: mimi ni mwanafunzi. Basi. Milango ni hiyo miwili.

Mimi wakati ule nilikuwa nimemaliza lisansi ya agronomia tangu miaka miwili na nusu. Mwanafunzi, hapana. Mwenye kazi, hapana. Nilikaa kwa kitanda na telefoni mkononi, mega zinaenda, nikaangalia hiyo swali sawa vile mtu anaangalia polisi wa barabara wakati hana vitambulisho. Mwishowe nikachagua mwanafunzi, juu ilionekana uongo mdogo zaidi. Kumbe ile jibu haibaki mu formulere. LinkedIn inaichukua na kuiandika chini ya jina lako, kwa watu wote. Siku mbili kisha, asistanti mmoja aliyetufundisha zamani akaniandikia: «Bado uko mwanafunzi? Nilifikiri ulipita!» Alicheka. Mimi sikucheka.

Nikabadilisha. Niliangalia wenzangu wameandika nini, nikaona nusu yao ni wakurugenzi. Consultant indépendant, CEO, Expert en développement durable. Nami nilikuwa na kuku kumi na moja nyuma ya nyumba ya mama. Nikawapa kuku jina la kampuni, nikajiandika Directeur général. Ilipendeza, sitasema uongo juu ya uongo. Kwa mwezi mmoja watu walinisalimia vizuri zaidi. Kisha mtu wa shirika moja akaniandikia kwa heshima nyingi, anataka kujua kama kampuni yangu inaweza kuleta mayai kwa kituo cha watoto, trei arobaini kila juma. Trei arobaini ni mayai elfu moja mia mbili. Nilihesabu kuku zangu, nikafuta kompte usiku ule ule bila kumjibu yule baba. Hii ndiyo inaniuma hadi leo: sikumjibu. Angenijua kama agronomu mwenye kukosa kazi, labda tungeongea ginsi gani ya kupanga wafugaji ishirini wa kata yetu wamletee pamoja. Directeur général hakuweza kusema hivyo.

Sasa niseme mawazo yangu kama mchambuzi. Kosa la ile formulere si kuuliza. Kila mlango unauliza. Kosa ni mpango wake: inaweka cheo mbele ya kazi. Linganisha na Facebook. Facebook siku ya kwanza inataka kujua wewe unajuana na nani, na tangu 2009 inaweza kukuongelesha kwa Kiswahili. LinkedIn inataka kujua ni nani anakulipa, na Kiswahili haimo mu lugha zake. Utajaza kwa Kifaransa, ile lugha yetu ya kujaza makaratasi, ambayo ndani yake kila mtu anajivuna kidogo kuliko vile alivyo nyumbani. Aliyetunga hiyo formulere alimfikiria mtu anayetoka kazi hii kwenda kazi ile. Hakumfikiria mtu ambaye kati ya masomo na kazi yake ya kwanza kuko miaka mine, mitano, na mu ile miaka hakulala: alilima, alifundisha sekondari bila prime, alifanya staji mbili za bure, alikwenda na shirika fulani kuhesabu mashamba kwa dolari tano kwa siku.

Lakini tusiitupie formulere makosa yote. Ilikuta udongo uko tayari. Ni nani kati yetu hakuitwa enjeniere siku ya kolasio, mbele hata hajagusa jembe la malipo? Sisi wenyewe tunapenda cheo kiingie mbele ya mtu. LinkedIn imetupa tu nafasi ya herufi 220 chini ya jina, na sisi tumeijaza kama bango la kampanye.

Kuko mtego mwingine ambao sijaona mtu yeyote anauongelea, na kwa wahitimu wa Kongo ni mzito kuliko ule wa cheo. Ni neno lisansi. Wengi wetu tulisoma mfumo wa zamani: miaka mitatu ya gradua, miwili ya lisansi, jumla mitano. Ufaransa na Ubelgiji, na sasa hata hapa kwetu kwa wadogo wa LMD, lisansi ao bachelier ni miaka mitatu. Unapoandika «Licence en agronomie» bila kuongeza kitu, mtu wa Bruxelles anayesoma profili yako anakata miaka miwili ya maisha yako, bila ubaya, kwa kuelewa tu lile neno vile kwao wanalielewa. Na kazi nyingi zinazotangazwa zinaomba «bac plus cinq». Wewe uko nayo, na umejiandika kama hauna. Formulere haitakuuliza. Ni wewe utaandika miaka ya kuanza na kumaliza, na mu maelezo uongeze wazi: miaka mitano kisha diplome d'État. Kati ya wale wadogo saba niliosaidia, wawili ni wa mfumo wa zamani, na wote wawili waliandika lisansi peke yake. Mimi pia, kwa kompte ya kwanza.

Kwa kitu kingine nitapita haraka. Kuko wakati inakuomba ruhusa ya kuingia mu orodha ya watu ulio nao kwa telefoni. Kitufe cha kukubali ni kikubwa, cha kuruka ni kidogo. Ruka. Mu 2015 LinkedIn ilikubali kulipa dolari milioni 13 huko Marekani kumaliza kesi ya watu waliolalamika kwamba kupitia hiyo orodha ilituma mialiko na kukumbushia tena na tena kwa jina lao. Shemeji yako muuza mafuta hana lazima ya kupata mwaliko wa «kujiunga na mtandao wako wa kikazi». Na Premium, ile wanaokupa mwezi wa bure, inaomba karte ya benki. Kwa mwanzo hauihitaji. Vilevile mtu akikuandikia siku ya tatu eti amekuchagua kwa kazi, tuma dolari thelathini na tano za dosie, huyo ni mwizi. Rafiki yangu alituma. Sitasema zaidi, anasoma huu ukurasa.

Sasa, je, chombo chenyewe ni kibaya? Hapana, na hapa ndipo sikubaliane na wale wanaosema ni ya wazungu na watoto wa Kinshasa. Ukishapita ule mlango wa kwanza, ndani nyumba iko na vyumba vizuri, ila wamevificha nyuma. Kuko fasi ya kuandika staji kama uzoefu kamili, na tarehe zake. Kuko fasi ya kazi za kujitolea. Kuko fasi ya miradi, ambapo memwari yako inaweza kuingia. Na kuko ule ukurasa wa kujieleza wa herufi 2,600, ambao wenzangu wengi wanauacha mtupu. Mimi naona huo ndio moyo wa profili ya mtu anayeanza, juu ni mahali pekee ambapo haulazimishwi kuwa na patro ili uongee.

Kompte yangu ya pili nilianza na huo. Sikuandika mimi ni nani. Niliandika nilichofanya. Wakati wa staji tulifuatilia mashamba ya migomba yenye ugonjwa wa mnyauko wa bakteria, ule unaokausha majani kutoka ndani na kuivisha ndizi mbele ya wakati, ukikata unakuta maji ya manjano yanatoka. Niliandika kwa maneno ya kawaida: nilifundisha walimaji kuvunja ule moyo wa ndizi kwa kijiti cha panda, si kwa mupanga, mara tu chane ya mwisho imetokea, juu wadudu wanaokuja kwa maua ndio wanabeba bakteria, kupitisha mupanga kwa moto ao kwa javel kati ya mgomba na mgomba, kukata paka shina lenye ugonjwa chini kabisa, na kurudi kila juma, kuliko kung'oa shamba lote na kuacha familia bila chakula. Nikaongeza kile hakikwenda vizuri: wazee wawili walikataa kuvunja moyo wa ndizi wakisema mkungu utakuwa mdogo, na sikuweza kuwashawishi hadi staji ikaisha. Kwa ile nafasi ya cheo niliweka: «Agronome, mnyauko wa ndizi na mafunzo ya walimaji, Lubero. Natafuta kazi.»

Haya maneno mawili ya mwisho yaliniomba siku nzima. Mjomba wangu alisema nimejishusha. Labda. Ila sasa, mtu akibonyeza jina langu, anachosoma ninaweza kukijibu hata usiku wa manane akinipigia.

Matokeo? Wale wanaouza mafunzo ya «kufaulu kwa LinkedIn kwa siku saba» wangependa niseme nilipata kazi. Sikupata. Kwa miezi mitano nilipata hivi: mwanafunzi wa Bunia alinitumia foto ya mgomba wake akiuliza kama ni ule ugonjwa (hapana, ilikuwa fukusi mu shina). Dada mmoja anayefanya kazi ya mbegu aliniomba nimuelezee ile ya kijiti cha panda, kisha akanitambulisha kwa mkubwa wake. Na mradi mmoja wa Lubero uliniita kwa testi. Tulikuwa watu kumi na mine kwa nafasi mbili. Nilikuwa wa nne.

Mu ile testi ya kuongea, mama aliyekuwa anaongoza alikuwa na profili yangu mbele yake kwa karatasi. Alipita diplome bila kuuliza. Aliweka kidole pale chini, akasema: «Wale wazee wawili waliokataa. Leo ungewaambia nini?» Tuliongea juu ya wale wazee dakika ishirini.

Siku ya posho, saa nane, nitakuwa kwetu na wadogo wengine watatu wanaotaka kufungua kompte. Anayetaka kuja, aniandikie, alete telefoni yenye moto na ile ripoti ya staji ambayo hajaifungua tangu aipeleke kwa sekretere.