Kiganja kwenye masi

Jumapili moja ya Julai, hapa Likasi, mtaa wa Panda, nilimwona kijana akimwaga esansi kwenye koo la kabureta ya Peugeot 404 kwa kizibo cha chupa. Ulimi wa moto ukaruka, mtu akauzima kwa koti lake, injini ikanguruma, watu wakapiga makofi. Mwenye gari akalipa huku anacheka. Nilirudi nyumbani nimeudhika. Esansi ya maji ikiingia kwenye silinda ya baridi huosha oili ukutani, na pete zinaanza siku kwa kusugua chuma kikavu. Gari lile litakapoanza kula oili, watalaumu pete feki.

Tuko zaidi ya mita 1,200 juu ya bahari. Usiku wa Juni na Julai oili ya 50 huwa nzito kama asali, na hapo ndipo kazi ya fundi inapoonekana.

Kwanza, kabla hujaambiwa lolote, weka kiganja kwenye injini. Nilipokuwa natafuta 404 yangu, muuzaji mmoja alituita alfajiri, boneti inachuruzika maji kama umande. Gari likaitika kwa mguso mmoja. Papa aliyenifundisha kazi, aliyezeekea gereji za migodi, hata hakugeuza shingo. Alikuwa ameshapitisha mkono chini ya boneti na kukuta uvuguvugu. Lilikuwa limewashwa usiku, likafungwa, likanyunyiziwa maji. Tuliondoka bila kuaga.

Sasa masi, yaani kebo inayounga betri na bodi. Hapa ndipo wanapokosea wote. Demareri (starta) ikizunguka kwa uvivu asubuhi, kila mtu anasema betri, na betri mpya inanunuliwa. Papa alikuwa akiniambia, “Mwana, zungusha mara tatu,” kisha anainama kushika kebo ya masi pale inapofungwa kwenye bodi. Chuma chote cha gari kinauma vidole kwa baridi, ila bolti ile moja ina joto kama kikombe cha chai. Umeme unaishia pale, kwenye kutu na rangi chini ya kichwa cha kebo. Fungua, kwangua mpaka king'ae, kaza, ndipo upake grisi juu. Anayepaka grisi kabla ya kukaza arudi shule. Usisahau masi ya pili: injini imekaa juu ya mipira, lazima iwe na kebo yake ya kuiunga na bodi. Nimeona waya wa choki ukifuka moshi, kwa kuwa kebo hiyo ilikatika na umeme ukajitafutia njia humo. Kwa Volkswagen za zamani za volti 6 ni balaa zaidi. Nusu volti ikipotea njiani, umepoteza sehemu moja kati ya 12. Kwenye volti 12 ni moja kati ya 24.

Mengine ni mepesi. Mwanya wa platini milimita 0.4. Choki ivutwe yote, mguu mbali na pedali. Gari zuri hushika mzunguko wa pili; wa tatu nausamehe, wa nne hapana. Choki irudi ndani kidogo kidogo, ukifuata sauti, si ukisubiri moshi mweusi. Na gari lililosukumwa au kuteremshwa mlimani halijawashwa, hata kama linakwenda.

Papa hakugusa ufunguo kabla ya manivela, ule mkono wa kuzungushia injini. Moto umezimwa, kidole gumba upande mmoja na vingine ili lisikuvunje mkono, mizunguko miwili ya polepole kulainisha oili. Kompresheni zote nne unazisikia mkononi, moja moja, na silinda iliyochoka inajitaja yenyewe. Siku hizi naona 404 zimezibwa tundu la manivela kwa bati na kupakwa rangi juu yake. Ukinunua ya namna hiyo, kazi ya kwanza ni kulizibua.