Kiingereza Kipi Ndicho Sahihi?

Nilifundisha Kiingereza kwa miaka 33, na katika miaka 12 ya mwisho nilikuwa mkuu wa chuo cha ualimu. Muda huo wote, mwanachuo aliponiuliza kati ya Kiingereza cha Uingereza na kile cha Marekani kipi ndicho sahihi, nilimjibu pasipo kusita kwamba cha Uingereza ndicho chenyewe, na hicho kingine ni kilichoharibiwa. Sasa nimestaafu, ninayo nafasi ya kukaa na vitabu bila kengele kunikatiza, na ninataka kulihakiki jibu langu mwenyewe. Nafanya hivyo kwa sababu jibu hilo liliwahi kumgharimu mtu mwaka mzima wa maisha yake.

Kwanza nieleze nililipata wapi. Niliingia sekondari mwaka 1964. Tulikuwa na walimu wawili wa Kiingereza. Mmoja alikuwa Mwingereza wa kusini, mzaliwa wa karibu na London, mtu wa tai na chaki isiyokatika. Wa pili alikuwa kijana wa Kimarekani aliyeletwa na Peace Corps, shirika la kujitolea lililoanzishwa mwaka 1961, na ambalo Tanganyika ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kupokea watu wake. Huyo alivaa kandambili na kucheza mpira nasi jioni. Neno la maji, "water", Mwingereza alilitamka "wota", r ya mwisho asiiguse kabisa. Mmarekani alilitamka kwa namna ambayo masikio yetu yalisikia "wara", kisha akamalizia na r ya kukunja ulimi. Basi tukambandika jina la Wara. Yule Mwingereza alisikia, akacheka, akatuambia kwamba hiyo siyo lugha ya Shakespeare. Tukamwamini. Mtihani wetu ulikuwa unatoka Cambridge, nani angethubutu kubisha?

Nianze na hiyo r, maana ndiyo shina la ugomvi wote wa lafudhi. Mwingereza wa kusini huitamka r pale tu inapofuatwa na irabu. Katika "farm", "bird" na "teacher" haiipi sauti. Huirefusha irabu au kuilegeza, basi. Wamarekani walio wengi huitamka kila iandikwapo. Mwanafunzi akisikia hivyo hudhani Mmarekani ameongeza kitu. La hasha. Wataalamu wa historia ya Kiingereza wanakubaliana kwamba wakati wa Shakespeare, aliyefariki mwaka 1616, r hiyo ilikuwa ikitamkwa huko Uingereza kwenyewe. Wahamiaji waliofika Jamestown mwaka 1607 na Plymouth mwaka 1620 waliondoka nayo kwao. Waliobaki London ndio walioidondosha polepole baadaye. Mwaka 1791 John Walker, katika kamusi yake ya matamshi, aliandika kwamba r ya London ilikuwa imekwisha kuwa dhaifu sana. Waskoti na watu wengi wa Ireland wanayo hadi leo. Kwa hiyo katika jambo hili la r, yule kijana wa kandambili alikuwa karibu zaidi na Shakespeare kuliko mwalimu wetu wa tai.

Hata hivyo tusikimbilie upande wa pili tukasema Wamarekani ndio waliohifadhi kila kitu. Hilo nalo ni kosa, na nimelisoma mara nyingi kwa waandishi wanaopenda kushangaza watu. Mmarekani naye amebadilisha mengi. Ile t iliyo katikati ya irabu, kama irabu ya pili haikukazwa, ameilainisha mpaka imekuwa kama r yetu ya "bara". Ndiyo maana tulisikia "wara", na ndiyo maana "writer" na "rider" katika kinywa chake ni kama neno moja, mwandishi na mpanda farasi hawatofautiani. Hapo Mwingereza wa darasani ametunza tofauti yenye faida. Irabu ya "box" na "socks" Mwingereza huitamka kwa o ya kuviringa midomo, hali Mmarekani huifungua mpaka ikaribie a. Katika "bath" na "dance" mambo hugeuka: Mwingereza wa kusini ndiye aliyerefusha a, na Mmarekani ameiacha fupi. Lakini Mwingereza wa kaskazini, wa Leeds au Manchester, naye huiacha fupi vilevile, na hakuna aliyewahi kutuambia kwamba mtu wa Leeds ameharibu Kiingereza.

Ukitaka kujua kwamba sauti yenyewe haina heshima wala aibu, tazama kazi aliyoifanya William Labov mjini New York mwaka 1962. New York ni mmoja wa miji ya Marekani ambako watu wengi walikuwa wakiidondosha r kama London. Labov alikwenda katika maduka makubwa matatu, moja la matajiri, moja la watu wa kati na moja la watu wa kipato cha chini, akiwauliza wauzaji swali ambalo jibu lake lilikuwa ghorofa ya nne, "fourth floor". Aliona kwamba kadiri duka lilivyokuwa la bei kubwa, ndivyo r ilivyotamkwa zaidi. Yaani New York kutamka r ni ubwana, na London kuiacha ni ubwana. Kitu ni kilekile. Kinachobadilika ni nani anayeketi kiti cha mbele.

Sisi Waswahili tunao ushahidi wetu wenyewe, nami najilaumu kwamba nilichelewa kuuona. Tazama maneno tuliyoyachukua enzi za utawala wa Waingereza: shati, sketi, fomu, nesi, kadi, tochi, baa. Katika maandishi ya Kiingereza kila moja lina r. Wazee wetu hawakuyachukua kwa kusoma, waliyachukua kwa kusikia, na walichokisikia hakikuwa na r. Laiti tungetawaliwa na Wamarekani, huenda leo tungevaa "shirti". Na pengine tusingevaa soksi wala kubeba boksi, tungevaa "saksi" na kubeba "baksi". Lugha yetu imeihifadhi lafudhi ya mabwana wa zamani kama udongo unavyohifadhi alama ya wayo. Kumbe hata upendeleo wangu nao haukuwa hukumu ya kitaalamu. Ulikuwa alama ya aliyepita hapa.

Katika msamiati mambo ni hayohayo. Lori, petroli, tochi, spana, biskuti, na buti na boneti za gari, yote ni maneno ya upande wa Uingereza. Mmarekani kila kimoja anacho kwa jina jingine. Tofauti hizi huchekesha, na mara nyingine hutatiza. Siku moja mwalimu wetu wa Kimarekani alitangaza kwamba kesho mgeni anakuja, kila mvulana avae "pants" safi. Kwake yeye ni suruali. Sisi tuliofundishwa na Mwingereza tulijua neno hilo kuwa ni nguo ya ndani, tukacheka hadi mmoja akaanguka kwenye dawati, tukiwaza mgeni atakagua vipi. Siku nyingine alitutaka tukutane "first floor". Nusu ya darasa ilipanda ngazi, naye alikuwa anatungojea chini, kwa maana kwao ghorofa ya kwanza ndiyo ile inayokanyaga ardhi.

Msomaji asidhani haya ni ya watoto tu. Winston Churchill, katika historia yake ya Vita Vikuu vya Pili, anasimulia jinsi maofisa wa nchi hizi mbili walivyobishana kwa muda mrefu kuhusu hati moja, kwa sababu "to table" kwa Mwingereza ni kuleta jambo mezani lijadiliwe, na kwa Mmarekani ni kuliweka kando. Pande zote mbili zilikuwa zinataka kitu kilekile. Na mpaka mwaka 1974, serikali ya Uingereza ilipofuata hesabu ya Kimarekani, bilioni ya Mwingereza ilikuwa milioni mara milioni, hali ya Mmarekani ilikuwa milioni 1,000 tu.

Hapa pia tuhuma ya uharibifu haisimami. "Fall" kwa maana ya majira ya kupukutika majani lilitumika Uingereza tangu karne ya 16. Waingereza wameliacha, Wamarekani wakalishika. "Gotten" ni umbo la zamani la Uingereza, na Mwingereza anayelicheka bado husema "forgotten" bila kujishtukia. Na "soccer", neno ambalo Waingereza wengi hulidharau kuwa la Kimarekani, lilizaliwa kwao katika karne ya 19, kwa kukatwa kutoka jina la mpira wa chama, baada ya Football Association kuundwa mwaka 1863. Nyani haoni kundule.

Tahajia ndiyo sehemu pekee ambako Mmarekani alibadilisha kwa makusudi, na aliyebadilisha alikuwa mwalimu mwenzetu. Noah Webster alitoa kitabu chake cha tahajia mwaka 1783, na kamusi yake kubwa mwaka 1828, yenye maneno takriban 70,000. Alitaka taifa jipya liwe na lugha yake. Akaondoa u katika "colour", akageuza "centre" kuwa "center". Alipopendekeza "tung" badala ya "tongue", wananchi wake wenyewe walimkatalia. Webster simsifu kupita kiasi. Alivutwa na siasa kama alivyovutwa na mantiki, na hakumaliza kazi aliyoianza. Lakini hata kamusi ya Samuel Johnson ya mwaka 1755 haikuteremka kutoka mbinguni. Johnson aliandika "errour" na "horrour" kwa u, na Waingereza baadaye wakaiondoa u hiyo wenyewe. Iweje kuiondoa hapa kuwe busara, na kuiondoa kule kuwe uharibifu?

Sasa nifike kwenye lile linaloniuma. Mwaka 1987, nikiwa mkufunzi, nilikwenda kukagua wanachuo wa Daraja la A katika mazoezi ya kufundisha. Kijana mmoja alikuwa darasa la tano. Baba yake alikuwa mpishi katika misheni ya Wamarekani, na kijana alijifunza Kiingereza akiwa mtoto, jikoni na uwanjani, kutoka kwa wenyewe. Alifundisha vizuri. Watoto walinyoosha mikono hata wa nyuma. Lakini alisema "wara", alizikunja r zote, na ubaoni akaandika "color". Niliketi nyuma ya darasa, nikamkumbuka mwalimu wangu wa tai, nikaandika: lafudhi mbovu, tahajia isiyokubalika. Nikamfelisha. Akarudia mazoezi mwaka uliofuata, cheti kikachelewa, na mshahara pia, na alikuwa na wadogo wanaomtegemea. Hakunijia kulalamika, nami nilijipongeza kwa kulinda kiwango.

Mwaka 2016 tulikutana msibani. Alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi, kichwa kimekwisha kuota mvi. Alinisogelea akainamisha kichwa, "Shikamoo, Mkuu." Nilipomwitikia nilimkumbusha jambo lile, nikamwomba radhi mbele ya wazee wawili waliokuwa jamvini nami. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mkuu, yale yalikwisha. Ila mimi nilipokuwa nakagua walimu wangu, sikumkata mtu alama kwa ajili ya wara." Akaenda kusaidia kubeba maji. Sikuwa na la kuongeza.

Ajabu ni kwamba mimi ni msemaji wa lugha iliyopitia jambo hilihili. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa uliamua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 Kamati ya Lugha ikaanza kazi ya kukisanifisha. Haja ilikuwepo ya kuwa na vitabu vya namna moja. Lakini tangu hapo mwana wa Mvita anayesema "mato" na "ndia" huweza kusahihishwa na mtu wa bara kama mimi, ambaye Kiswahili amekikuta shuleni, hali mashairi makubwa yalitungwa kwa lafudhi hiyo kabla Kiunguja hakijachaguliwa. Tulihitaji kipimo kimoja cha vitabu, tukakifanya kipimo cha watu.

Kwa hiyo jibu langu la leo kwa mwalimu kijana ni hili. Shule zetu zimefuata mkondo wa Uingereza, na si vibaya kuufuata, maana vitabu vingi viko hivyo, na mtoto anahitaji njia moja ya kuanzia. Mfundishe aandike kwa mkondo mmoja, asichanganye "colour" na "center" katika ukurasa mmoja. Akitamka kwa namna nyingine, pima kwanza kama anaeleweka. Mweleze tofauti, umwambie ilikotoka, asije akacheka mtu kama tulivyomcheka mwalimu wetu, aliyevumilia jina la Wara mpaka alipoondoka. Lakini kalamu nyekundu iwekee makosa. Mimi niliitumia kwa kisichokuwa kosa, na alama ile siwezi tena kuifuta.